Ahadi ya Kutougua

Masika huku kwetu mlimani kuni haziwaki, zinalia. Unazitia jikoni zinatoa povu kwenye ncha, zinafoka, halafu zinatoa moshi wa manjano unaokaa chini ya bati kama ng'ombe aliyegoma kutoka zizini. Mpishi wa shule hana la kufanya. Wasichana wakiamka wanataka uji, na uji haujui kama kuni ni mbichi. Basi unainama, unapuliza, unavuta moshi, unapuliza tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu mume wangu akiwa hai, na sasa kaburi lake limezungukwa na migomba iliyozaa mara nyingi.

Shule yenyewe ni ya bweni, ya wasichana, huku upande wa Kibosho, barabara ikiwa ya tope ukianza Machi. Jikoni tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mdogo kwangu, mwanamke mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika. Jiko lilikuwa na dohani zamani, bomba la kutolea moshi nje. Ikaanguka kwa upepo, ikaegeshwa ukutani ikisubiri fundi, kuku wa mwalimu mmoja wakapata mahali pa kutagia.

Kukohoa nilianza kidogo kidogo. Nikasema ni mafua. Mafua hayo yalipita Krismasi, yakapita Kwaresima, yakakaa. Ikafika mahali nikipanda kutoka jikoni kwenda bwalo na sufuria ya makande nasimama katikati ya ngazi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Usiku kifua kinapiga filimbi. Asubuhi nyingine nilikuwa naamka, navaa, nafika mlangoni, narudi kulala.

Nikashuka mjini Moshi, hospitalini. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinisikiliza kifua mbele na mgongoni, akaniuliza napika na nini, kisha akasema, "Bibi, tatizo lako ni moshi."

"Hilo ni la wote," nikamwambia. "Tumezaliwa Moshi, tunaugulia Moshi na tutazikwa Moshi."

Alicheka. Alipomaliza kucheka aliandika. Nikapewa kile kichupa cha dawa unachobonyeza ukivuta kwa mdomo, na ED, ile karatasi ya kupumzika siku chache. Akaniambia nikae mbali na jiko. Nikamuuliza mpishi anakaaje mbali na jiko. Akasema hilo niwaulize walioniajiri.

Sikuwauliza. Nilipumzika, nikarudi, nikapuliza kuni. Kifua kikashika tena, nikashuka tena, nikapewa ED nyingine. Ikawa ndiyo mwendo wangu, mvua ikizidi na mimi nazidi kukosekana. Mwenzangu alikuwa akibaki na masufuria yote peke yake. Sikumlaumu kwa maneno yake.

"Mama, leo umeikumbuka njia?" ananiuliza nikirudi.

"Nimeikumbuka."

"Mimi nilishaanza kuuzoesha mwiko wako kuniita mimi mama."

Alikuwa ananicheka huku akinipokea ndoo. Hivyo ndivyo alivyo. Lakini nilimwona mikono ilivyobabuka, na nilisikia walimu wakisema uji unatoka saa mbili, wasichana wameingia darasani na njaa. Walikuwa wanasema kweli. Uji ulichelewa, na uliochelewesha ni ugonjwa wangu. Kweli mbili zinaweza kukaa katika sufuria moja, na hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko kikohozi.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa, maana watu walidhani nashikilia kazi kwa tamaa. Kichupa kile kilitoka kwa kadi ya bima, na kadi ilikuwa ya kazini. Mtu akiachishwa kazi na kadi yake inakufa. Kwa hiyo jiko ndilo lililoniumiza kifua, na jiko hilohilo ndilo lililonipa dawa ya kifua. Ningetoka kwenye moshi ningebaki na kikohozi bila dawa. Binti yangu aliye Dar aliniambia kwenye simu, "Mama acha hiyo kazi, uje ukae huku upumzike." Nikamuuliza huko kwenu kichupa wanagawa bure? Yeye mwenyewe anauza nguo mtaani na hana kadi.

Siku moja mkuu wa shule alinikuta nachambua mchele kwenye baraza la jikoni. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, umri wa mtoto wangu wa mwisho, na adabu anayo. Alisema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akaniuliza hali. Nikasema nzuri vilevile, maana ndivyo mtu anavyojibu hata akiwa anakufa. Kisha akanikabidhi barua kwa mikono miwili.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na barua za ofisi zina maneno marefu kuliko haja. Niliisoma polepole, kidole chini ya mstari. Ilisema nifike mbele ya bodi nieleze kwa nini nisiachishwe kazi kwa sababu ya kukosekana mara kwa mara kutokana na maradhi.

"Kwa hiyo mwalimu," nikamwambia, "unanifukuza?"

"Mama, sijakufukuza. Bodi itakusikiliza."

"Wewe umeshanisikiliza?"

Akaangalia mchele. "Mama, mimi nina wasichana wanaokaa na njaa mpaka saa mbili. Nifanyeje?"

Nikaendelea kutoa mawe.

Jirani yangu wa upande wa juu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kihamba chake na changu, mashamba yetu ya migomba, vimetenganishwa na mstari wa masale tu. Ni mtu wa kusaidia. Wako watu wanasaidia mpaka unatamani wakusahau. Jioni alikuja na mzigo wa majani ya ng'ombe mabegani, akasimama mpakani bila kuutua, akasema amesikia.

"Mwenyekiti wa bodi namfahamu," akasema. "Yule meku tumeimba naye kwaya. Ni mtu wa mila. Mpelekee isale, yataisha."

"Isale la nini?"

"La kuomba radhi. La nini tena?"

"Nimemkosea nani?"

"Shemeji, acha ukali. Mtu ana shida anabeba isale."

"Mtu akikosa ndiye anabeba isale. Mimi nimeumwa."

"Basi bebea huo ukali wako," akasema. "Mimi ningekuwa bodi ningekufukuza kwa huo peke yake."

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze. Meku ni mzee wa heshima. Isale ni jani refu, la mti tunaoupanda mipakani. Lakini likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, si jani tena. Ukimkosea mtu, hata ukimkosea vibaya, ukamtuma mzee apeleke isale, yule aliyekosewa hawezi kukataa. Atakasirika, atasema ya moyoni, mwisho atakaa na wewe chini mnywe mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja. Ndiyo maana halichezewi. Na lina upande wa pili ambao watu wanausahau: ukisamehewa kwa isale, umeahidi. Kosa lile ukilirudia, hakuna isale la pili. Nimeona mtu mzima akikosa mahali pa kuketi msibani kwa sababu hiyo.

Nilimwambia shemeji hapana. Akatikisa kichwa, akaenda zake na majani yake. Nikadhani tumemalizana.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, asubuhi, mvua ikipiga bati hadi watu walilazimika kupaza sauti. Wajumbe wengine walikuwa wamekwama kwenye tope. Alikuwapo mkuu wa shule nyuma ya meza yake na mwenyekiti wa bodi pembeni, mzee wa kahawa wa huku huku, koti la mvua likimchuruzikia viatuni. Nilimwamkia mzee shikamoo. Mkuu wa shule akaniamkia mimi shikamoo. Tukawa tumepangana kama ngazi, na wa katikati ndiye mwenye kesi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilibeba zile ED zote kwenye mfuko wa sukari, nikazishika mapajani. Mzee wala hakuziangalia. Alikuwa ananitazama kwa furaha, kama mtu aliyenikuta nimeshafanya kazi aliyokuja kunituma.

"Mama," akasema, "nimetoka nyumbani na moyo mzito. Kumwita mtu mzima mbele ya kikao si jambo zuri. Lakini nimeingia hapa nikaona umenitua mzigo. Ahsante. Mtu aliyelelewa anaonekana."

"Nimefanya nini, mzee?"

"Umeleta isale."

"Isale gani?"

Akaelekeza kwa kidevu. Mezani palikuwa na jagi la plastiki lenye maua ya plastiki, yale mekundu. Katikati yake lilisimama isale, bichi, limefungwa fundo. Fundo lenyewe nililijua. Shemeji yangu ana mkono wa kushoto, na hufunga kila kitu namna moja, awe mbuzi au gunia.

"Hilo?" Mkuu wa shule naye akaligeukia. "Nililikuta kwa karani Jumatatu. Akasema kuna mzee alipita baada ya misa akaliacha. Nikadhani limebaki la Jumapili ya Matawi. Nikamwambia alitie maji, lisinyauke."

"Umelitia maji?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Basi umelipokea kuliko sisi wote."

"Nimepokea nini, mzee?"

Mwenyekiti akamweleza, karibu kama nilivyoeleza hapa, ila yeye aliongeza kwamba hata aliyemuua ndugu yako akija na isale unakaa naye. Mkuu wa shule alilitazama lile jagi kama mtu aliyeambiwa kwamba amelala juu ya mzinga wa nyuki.

"Kwa hiyo siwezi kumwachisha kazi?"

"Huwezi kukataa radhi yake. Na mimi nitasimama hapo." Mzee akanigeukia. "Limebaki dogo, mama. Sema mbele yetu kwamba hutarudia. Mkuu aandike, twende tukanywe chai."

"Sitarudia nini?"

"Huko kuumwaumwa."

Alilisema kwa upole. Hakuwa ananidhihaki. Nadhani ni la kwanza lililomjia, maana isale lina mahali pa neno hilo, na mahali pale lazima pajazwe.

Sitadanganya kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeamka na giza, nimepanda mlima kwenye tope, magoti yamelowa, kifua kimebana, na mbele yangu palikuwa na mzee anayenitaka niseme neno moja nirudi kazini na kadi yangu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Niliwaza, nani atanishika? Nani husikiliza jani? Kisha nikawaza mwezi wa sita, baridi ikishuka, nikilala kifua kinapiga filimbi, na wao wawili wakiniambia ulituahidi kwa isale. Mara hiyo pasingekuwa na mtu wa kunitetea, wala huyu mzee, yeye hasa. Ningekuwa nimefukuzwa kwa haki.

Nikafungua mdomo, na kabla sijachagua, kikohozi kikatangulia. Hakikuomba ruhusa. Nilikohoa mpaka nikashika ukingo wa meza, mpaka mfuko wangu wa sukari ukaanguka na karatasi zikasambaa sakafuni. Mkuu wa shule akainuka kutafuta maji. Maji yaliyokuwa karibu ni yale ya kwenye jagi.

Nilipopata pumzi nikasema, "Mzee, nimeshaanza kurudia."

Nikasimama, nikalivuta isale kutoka kwenye yale maua, likadondosha maji juu ya barua yangu iliyokuwa mezani.

"Mama," mzee akasema, "isale halirudishwi."

"Halirudishwi na aliyeletewa. Mimi sikulileta."

"Nani alileta?"

"Shemeji yangu. Muiteni yeye aje aahidi kwamba mimi sitaumwa."

Mkuu wa shule alifunika mdomo kwa kiganja, akajifanya anafuta ndevu. Mwenyekiti ndiye aliyekasirika, na alikuwa na haki. Katika maisha yake yote nadhani hakuwahi kuona mtu akitoa isale kwenye meza akarudi nalo mkononi. Ni kama kumwona mtu akichomoa mshumaa altareni.

"Mimi nilikuja kukutetea," akasema. "Umeninyang'anya fimbo. Sasa nikutetee na nini?"

"Sijui, mzee. Ningejua ningekuja nacho."

Wakaniambia niwapishe kidogo. Nikaokota karatasi zangu, nikatoka.

Nilikaa kwenye benchi la baraza, pale wanapokaa wasichana waliokosa adabu. Darasa la karibu walikuwa wakiitikia jambo kwa Kiingereza, wote kwa pamoja, kama rozari. Nilikuwa na isale mkononi na sikujua pa kuliweka. Huwezi kulitupa kwenye majani ya kawaida. Huwezi kulirudisha kwenye maua ya plastiki. Nililishika tu, maji yakanilowesha mkono wa gauni, na nikawaza kwamba nikifukuzwa nitakuwa mtu wa kwanza mlimani aliyefukuzwa akiwa ameshika isale. Ndani sauti ya mzee ilipanda, ikashuka. Sauti ya mkuu wa shule sikuisikia kabisa kwa mvua. Kuku wa mwalimu alitoka kwenye dohani, akanitazama, akarudi ndani.

Waliponiita mzee hakunitazama tena. Mkuu wa shule ndiye aliyesema.

"Mama, mzee amenifundisha leo. Anasema nikikusamehe ndiyo nimesema umekosa. Basi sitakusamehe."

Nikangoja.

"Lakini jikoni siwezi kukuacha. Uji hauivi. Utahamia stoo. Utachambua maharage na mchele, utawatolea wapishi chakula cha siku. Tutatafuta mwingine wa jiko. Mkataba wako uende mpaka mwisho wa mwaka, halafu bodi iangalie tena."

"Kadi?"

"Kadi inabaki."

"Na nikiumwa nikiwa stoo?"

Akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akifunga vifungo vya koti lake.

"Tutakutana tena hapa, mama," mkuu wa shule akasema.

Nikasema asante, mara moja. Hawakuwa wamenipa kazi yangu, walikuwa wamenisogezea siku. Lakini mtu wa umri wangu siku akisogezewa hazirudishi.

Nikarudi nyumbani na isale. Nilipofika mpakani nikalichomeka ardhini, upande wa shemeji, mkabala na pale alipolikata upande wangu, maana kisiki kilikuwa bado kibichi. Sikumwita. Alipotoka kukamua jioni aliliona, na fundo lake juu. Kesho yake alipita njiani hakunisalimia. Kesho kutwa vilevile. Akamwambia mwenzangu wa jikoni, ambaye hawezi kukaa na neno, kwamba alipanda mpaka shuleni kwa mguu mbovu kuniokoa na mimi nikamfanya mtoto mbele ya meku. Nikamwambia mwenzangu amwambie kwamba nimemsikia. Akasema, "Mama, mimi si redio. Mwambie mwenyewe." Kisha akaenda akamwambia.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikaanza kupungua. Ni vibaya kununiana na jirani ambaye ng'ombe wake unawasikia wakicheua. Nilikuwa napika mtori jioni moja, wa ndizi zilizoangushwa na upepo, aliposimama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa na isale mkononi, fundo la mkono wa kushoto.

"Hili nimelikata upande wangu," akasema.

"Nani kakosa?"

"Mimi."

"Kosa gani?"

Shemeji yangu kusema kosa lake ni kama kung'oa jino la ng'ombe. "Nilikuombea radhi bila kukuuliza."

"Utarudia?"

"Sitarudia."

"Umeona?" nikamwambia. "Wewe unaweza kulisema."

Akaelewa. Akakaa kwenye kigoda, nikamwekea mtori, akala bakuli mbili akilalamika kwamba chumvi haipo. Isale lake nililipokea. Sikuwa na namna, halikataliwi.

Kazi ya stoo ni ya kukaa. Naketi na ungo mlangoni ambako kuna mwanga, natoa mawe, natoa wadudu, napepeta. Magunia yanatimua unga, napiga chafya, lakini si kama kule. Kifua kimepungua filimbi. Sisemi kimepona. Kuna asubuhi bado nasimama mlangoni kwangu nikijiuliza, na mara mbili nimerudi kulala, nikapeleka ED, na mkuu wa shule ameipokea bila neno. Naona anaiweka mahali. Mwaka haujaisha.

Mtu wa jiko hawakumpata. Alikuja mmoja akakaa kidogo akaondoka, akasema ule si moshi, ni adhabu. Kwa hiyo mwenzangu yuko peke yake na masufuria, na uji siku hizi unatoka kwa wakati, kwa sababu anaamka kabla ya jogoo. Ukuta wa stoo na jiko ni mmoja, matofali mabichi tu, kila kitu nakisikia. Namsikia akiimba, akiwagombeza wasichana wa zamu, akipuliza kuni. Kisha nikaanza kumsikia akikohoa.

Mwanzoni nilisema labda ni pilipili. Siku ya tatu nikamwita. Akaja akijifuta macho kwa khanga.

"Umeanza lini?"

"Nini? Haya ni mafua tu, mama. Upepo huu."

"Mafua."

"Mafua. Usinitazame hivyo, unanitia ugonjwa." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango. Alipomaliza akasema, "Nitamwomba shemeji yako anikatie isale mapema, kabla halijapanda bei."

Nilimwambia aende kwa mkuu wa shule leo, aseme kifua kinamuuma, na aseme ni dohani, asiseme mafua. Akasema hawezi, makande yako jikoni, na isitoshe akisema wataanza kumhesabia siku kama walivyonihesabia mimi. Akarudi. Ukuta ukaendelea kukohoa.

Nikapepeta ungo uliokuwa mapajani mpaka ukaisha. Nilikuwa nimechoka, na mkataba wangu wenyewe unaning'inia, na mwenye akili angekaa kimya stoo mpaka Desemba. Nikaweka ungo chini. Nikapita uwanjani, nikapita kwenye ile dohani na kuku wake, nikagonga mlango wa ofisi. Sikubeba kitu mkononi.

Mkuu wa shule akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akanitazama kifuani, kisha usoni. "Mama, umeumwa tena?"

"Safari hii si mimi," nikamwambia, nikakaa.